Jahazi la babu liko topeni: tumwite nani kwanza?

"Babu yetu alituachia jahazi lililojengwa Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lilibeba boriti kwenda Mombasa, na enzi zake lilifika hadi Ghuba. Sasa ni miaka mingi limelala kwenye tope la mkondo. Mlingoti umeshushwa, sitaha imetoboka, maji yanaingia na kutoka tumboni mwake. Familia inataka lifufuliwe, ama litembeze wageni, ama libaki kama kumbukumbu. Kampuni moja ya boti imetushauri tulivike faibaglasi lote, inasema litadumu miaka 30 bila kuguswa. Fundi mzee wa Matondoni anasema atalijenga upya kwa jicho lake, bila mchoro wowote. Ami yangu anasema mbao zote zimeoza, tulichome tuuze chuma. Tumsikilize nani, na kazi kama hii hufanywa na watu gani hasa?"

Pole kwa mvutano huo wa nyumbani. Nitaanza na jibu, kisha nieleze sababu. Msikilizeni fundi wa Matondoni, lakini asing'oe hata ubao mmoja kabla jahazi halijatiwa magadi (nguzo za kulitegemeza) na kupimwa. Kampuni inaweza kuwa na kazi ya kufanya hapo, ila si hiyo ya faibaglasi. Na ami yako mheshimuni, maana hofu yake ina msingi, lakini mwombeni asubiri ukaguzi. Chombo kilicholala topeni mara nyingi huonekana kimekufa kuliko kilivyo kweli.

Nianze na hilo la kuoza. Watu wengi huamini maji ya bahari ndiyo yanayoozesha mbao. Kinachoozesha ni kuvu, na kuvu hupenda maji ya mvua. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20, kuvu haliwezi kuishambulia. Ikizama kabisa ndani ya maji ya chumvi au tope, kuvu hukosa hewa. Hatari iko katikati, pale panapolowa na kukauka, na hasa pale maji ya mvua yanapotuama: chini ya sitaha iliyotoboka, kwenye vichwa vya mataruma (mbavu za chombo), nyuma ya fashini (mti wa kusimama wa nyuma), na mahali mbao mbili zinapokutana na upepo haupiti. Kwa hiyo jahazi lenu huenda limeoza juu na bado ni zima chini, kinyume cha anavyodhani mtu anayelitazama kutoka ufukweni. Chukueni kitu chenye ncha, bisibisi inatosha, na nyundo ndogo. Gongeni. Mbao nzima hulia kwa sauti kali. Iliyooza hutoa sauti butu. Penye sauti butu, chomekeni ncha kukingama na nyuzi za mbao. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, hapo pamekwisha. Wekeni alama kwa chaki na mpige picha.

Chini ya maji kuna adui mwingine. Ni yule mdudu anayetoboa mbao, wataalamu humwita teredo, na kwa kweli si mdudu bali ni jamii ya chaza mwenye mwili mrefu kama mnyoo. Huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani akila mbao kwa urefu. Ndiyo maana ubao unaweza kuonekana safi kwa nje na ndani ukawa matundu matupu. Wazee waliopweleza vyombo vyao mara kwa mara, wakavichoma kwa makuti yanayowaka chini ya tumbo, kisha wakapaka deheni ya chokaa na shahamu, walikuwa wanapigana na huyu. Moto ulimuua akiwa bado mchanga, na deheni ilimzuia mwenzake asiingie. Jahazi lililokaa miaka bila kuchomwa, msiliamini mpaka mtoboe matundu machache ya majaribio kwa keekee na kutazama unga unaotoka. Ukitoka mkavu na wa rangi moja, shukuruni. Ukitoka tope jeusi au vipande vya gamba jeupe, ubao huo ni wa kubadilishwa.

Kisha misumari. Chuma kikishika kutu huvimba, na kutu ile huchuruzika ndani ya nyuzi za mbao na kuzidhoofisha. Mtaona duara jeusi kuzunguka kila msumari, na mbao ya hapo inachimbika kwa ukucha. Mara nyingi ubao wenyewe ungali na nguvu ila haushikilii tena kitu chochote. Kama kampuni itawauzia wazo la misumari ya chuma kisichoshika kutu, kuweni na tahadhari: chuma hicho hujilinda kwa hewa, na ndani ya mbao yenye maji ya chumvi hewa haipo, kwa hiyo huliwa kwa siri mahali msipoona. Tena msichanganye shaba na chuma kwenye chombo kimoja, maana maji ya bahari huzifanya metali hizo mbili zilane. Misumari mirefu iliyotiwa zinki, ikiviringishwa pamba iliyoloweshwa mafuta kabla ya kugongwa, bado ndiyo njia ninayoiamini kwa jahazi.

Sasa nije kwenye lile ambalo karibu kila familia hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama chombo kitakuwa chenyewe au kitu kingine kilichofanana nacho. Chombo kilichoelea miaka mingi hupinda mgongo. Tumbo la katikati ni nene, kwa hiyo maji hulibeba vizuri. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ni nyembamba, maji hayazibebi vya kutosha, lakini zina uzito wao. Mwaka hata mwaka ncha mbili zile hushuka na katikati hubaki juu. Topeni mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu tope hubeba sehemu moja na kuiacha nyingine ikining'inia, na kila maji yakijaa na kupwa chombo hujipinda upya. Mkija kung'oa mbao mkiwa mmekiacha katika mpindo huo, kila ubao mpya mtakaoupigilia utalifunga kosa hilo ndani yake daima.

Ndiyo maana magadi hutangulia. Subirini bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, chombo kikiinuka kivuteni mahali pakavu penye ardhi ngumu, muweke magogo chini ya mkuku (mti mkuu wa chini, uti wa mgongo wa chombo) kila baada ya hatua chache na magadi ubavuni. Kisha vuteni mshipi wa kuvulia samaki kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku, mkaze, mpime pengo kati ya mshipi na mkuku sehemu nyingi mkiandika. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyowaambia mgongo umepinda kiasi gani. Kuunyoosha hufanywa polepole, kabari moja kidogo leo na nyingine baada ya siku kadhaa, mbao zikipewa nafasi ya kurudi zenyewe. Anayetaka kumaliza kwa siku moja kwa winchi huvunja mkuku.

Nimeahidi kueleza faibaglasi. Mbao hupumua: ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa. Jahazi limejengwa likitegemea tabia hiyo. Pamba ya kalafati, yaani ya kuziba mianya, hupigwa katikati ya mbao zikiwa kavu, chombo kikishuliwa mbao huvimba, huibana pamba, na maji hayapiti. Faibaglasi haivimbi wala haisinyai. Mkiivisha juu ya mbao nzee, mbao zitaendelea kucheza chini yake, gamba litaachana nazo, nyufa ndogo zitaingiza maji, na maji hayo hayatatoka tena. Mtakuwa mmejenga chumba chenye giza na unyevu, chumba ambacho kuvu hukipenda kuliko vyote. Tena hamtaona kitu, kwa sababu nje patang'aa. Faibaglasi ni nzuri kwa boti iliyozaliwa nayo, na hata kwa mbao mpya zilizokaushwa na kugundishwa tangu mwanzo. Kwa jahazi la misumari lenye zaidi ya nusu karne, naipinga waziwazi. Hakuna chombo cha mbao kinachodumu miaka 30 bila kuguswa. Kinachodumu ni kile kinachoguswa kila mwaka.

Kuhusu fundi anayejenga bila mchoro, anasema kweli. Mafundi wa pwani hii hulaza mkuku, wakasimamisha hanamu (mti wa mbele) na fashini, wakaanza kupandisha mbao huku mataruma mengi yakifuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulitoa. Jicho lake na tezo yake ndivyo vipimo. Ustadi huo ungali hai Lamu: Ali Skanda, fundi wa huko, aliongoza ujenzi wa Flipflopi, jahazi dogo lililotengenezwa kwa plastiki zilizookotwa, likashuliwa mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Lakini kujenga jipya na kufufua la zamani ni kazi mbili. Katika jahazi jipya fundi hutafuta umbo zuri. Katika la babu yenu umbo lipo tayari, na lilitoka kwenye jicho la fundi mwingine ambaye huenda hayupo tena. Mwombeni fundi wenu kwa adabu awaruhusu mpime kila taruma kabla hajaligusa, na mkate vipande vya mbao nyembamba vinavyofuata mviringo wake, mviandike namba. Vijana wawili wenye kamba, timazi na daftari wanatosha. Kule makumbusho ya Mystic Seaport, Connecticut, Marekani, walipofufua Charles W. Morgan, meli ya kuvulia nyangumi iliyojengwa mwaka 1841, walitumia mashine za leza na eksirei kuipima kabla na wakati wa kazi. Ninyi hamhitaji leza, lakini mpangilio wao wa kupima kwanza na kung'oa baadaye ndio wa kuuiga. Na wanapong'oa, hawang'oi vyote. Hubadilisha taruma moja, wakaruka la pili, wakabadilisha la tatu, ili daima kuwe na vya zamani vinavyolishikilia umbo.

Meli hiyo inafundisha mengi kuhusu watu pia, kwa hiyo niikalie kidogo. Makumbusho yenyewe ndiyo yenye karakana na ndiyo iliyowaajiri maseremala wa meli. Hawakukabidhi chombo kizima kwa kampuni moja. Kazi ilianza mwaka 2008, ikarudishwa majini tarehe 21 Julai 2013, na kiangazi cha 2014 ikasafiri tena. Matanga yalishonwa na karakana ya Nathaniel Wilson huko East Boothbay, Maine, ambayo kazi yake ni matanga ya meli za kale. Na mbao ndizo zilizowasumbua kuliko mikono. Mataruma ya meli hiyo yanataka mwaloni mzito wa kusini mwa Marekani, wenye matawi yaliyopinda yenyewe, kwa sababu ubao uliokatwa mviringo kutoka gogo lililonyooka huwa na nyuzi zilizokatika na hupasuka. Walipata miti iliyoangushwa na kimbunga Katrina cha mwaka 2005. Tena mwaka 2010, wajenzi wa hospitali huko Charlestown, Boston, walipokuwa wakichimba msingi walikuta shehena ya mbao za meli zilizozikwa ardhini tangu enzi za karakana ya jeshi la majini. Nyingi zilikuwa bado nzima, zikapelekwa Mystic.

Mnaona basi kwa nini nasema mbao zianze kutafutwa mapema. Kwenu mkuku na mbao za chini hutaka mbambakofi, mvule au msaji. Mataruma hutaka miti iliyopinda yenyewe, na mafundi wa Lamu hutumia mlilana na mkomafi kutoka mikokoni, au matawi ya mwembe. Mbambakofi na mvule zimekuwa adimu, na mikoko haikatwi bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS). Msimruhusu mtu awaletee mbao usiku kwa bei nafuu. Zikikamatwa, jahazi litabaki wazi juani huku kesi inaendelea. Msaji wa mashambani, kama ule wa Longuza huko Muheza, Tanga, unapatikana kihalali, ila chagueni magogo yaliyokomaa, maana mti mchanga una mbao nyeupe nyingi za nje, na hizo haziwezi kuhimili bahari. Mbao zikifika zipangwe kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, upepo upite, kwa miezi mingi. Ukiona fundi anapigilia ubao unaotoa maji, msimamishe.

Baada ya seremala, mtu mnayemhitaji zaidi ni wa kukalafati. Familia nyingi huwaachia vibarua kazi hii kwa kuwa inaonekana rahisi, kijana mmoja na patasi butu na pamba. Siyo rahisi hata kidogo. Mtazameni mjuzi: anasokota pamba kwa kiganja iwe na unene unaolingana na mwanya, anaisukuma kwa mikunjo midogo, kisha anaigonga huku akisikiliza. Mlio ukibadilika, anajua imejaa. Pamba ikizidi, mbao zikivimba zitasukumana hadi zing'oe misumari kwenye mataruma. Ikipungua, ngama, yaani maji yanayovuja tumboni, itajaa usiku kucha. Mlipeni vizuri mtu huyu. Mshona matanga na msokota kamba watakuja baadaye, na hapo msibane sana mkono kwenye foromali (mti unaobeba tanga) na henza (kamba ya kuupandisha), kwa sababu hivyo vikikatika, vinaua mtu aliye chini.

Kampuni basi ifanye nini? Ina winchi, ina jeki, ina gari la kubebea magogo, na kama chombo kitabeba wageni ina watu wanaojua mitambo, taa, pampu na vifaa vya kuokolea maisha. Ipeni kazi hizo, kila moja kwa mkataba wake. Fundi mkuu awe ndiye msemaji wa mwisho kuhusu mbao, naye alipwe kwa hatua: chombo kimenyooka na kupimwa, mkuku na mataruma yamekamilika, mbao zimefungwa, kalafati imeisha, chombo kimeshuliwa na kukaa majini siku kadhaa bila ngama kuzidi. Wekeni pia kiasi cha akiba, kwa sababu hakuna mtu, awe fundi au mhandisi, anayejua chombo kizee kina ugonjwa gani mpaka akifungue. Anayewapa bei moja ya mwisho kabla ya kukifungua amekisia, au amejiwekea faida ya kufidia asichokijua.

Limebaki swali la kulifufua kwa ajili ya nini, nalo linabadilisha gharama zote. Kama ni kutembeza wageni, sehemu kubwa ya mbao itabidi iwe mpya, na mtalihudumia kila mwaka maisha yake yote. Kama ni kumbukumbu, kuna njia ya watu wa Sur, Oman. Ghanja yao, aina ya jahazi kubwa, iitwayo Fatah al-Khair ilijengwa hapo mwaka 1951, ikauzwa, na mwaka 1993 wenyeji wakaichangia, wakairudisha kutoka Yemen, na sasa imesimama nchi kavu mjini kwao. Naipenda njia hiyo kwa familia isiyo na fedha nyingi. Lakini nchi kavu ina maadui wake: mvua kutoka juu na mchwa kutoka chini. Bila paa na bila nguzo za zege kuitenga na ardhi, jahazi la maonyesho huisha haraka kuliko linalosafiri.

Njia ya tatu ni kulipima lote, kuhifadhi hanamu, usukani na vipande vilivyo vizima, kisha kujenga jipya kwa umbo lilelile. Si aibu kufanya hivyo. Mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliowekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, ulikuwa wa kujengwa upya. Ila msidhani upya ni kinga. Wafaransa walianza kujenga upya Hermione, meli ya kivita ya karne ya 18, huko Rochefort mwaka 1997, tumbo lake likaingia majini 2012, likavuka hadi Marekani 2015. Mwaka 2021 ikapelekwa matengenezo Anglet, na walipofungua mbao wakakuta kuvu limeingia ndani sana. Miaka haijafika 10 majini, na ilikuwa na watu wa kuitunza.

Kwa maelezo yako, kama mkuku ni mzima na mgongo haujapinda sana, ningelifufua lisafiri. Mkuku ukiwa umevunjika, ningefuata njia ya Sur. Siwezi kuamua kwa barua, na kuna mambo ambayo hayafai kuamuliwa na mtu asiyekuwepo hapo. Msilivute wala kuliinua kabla fundi hajaingia tumboni na kupapasa mkuku kwa mkono, omo hadi tezi. Mkiona mshono wa mkuku na fashini umeachana, au jahazi limeegemea upande mmoja na mbao zinalia maji yakipwa, mwiteni siku hiyohiyo, na watoto wasicheze karibu. Kabla ya kubeba abiria hata mmoja, liwe limekaguliwa na Mamlaka ya Bahari Kenya (KMA). Ndugu wa Tanzania Bara wangeenda Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), na wa Zanzibar Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Na kabla ya kuuza au kuchoma chochote, nendeni mkaongee na watu wa Makavazi ya Lamu, maana jahazi la umri huo linaweza kuwa na thamani ya kihistoria ambayo hamjaijua.

Kwa sasa, kabla ya masika, fanyeni haya: toeni tope na takataka tumboni, zibueni matundu ya kupitishia maji kati ya mataruma, na mjenge kibanda cha makuti juu ya sitaha, kirefu kuliko jahazi pande zote, ubavuni kuwe wazi. Msilifunike kwa turubai la plastiki likagusa mbao. Hilo huzuia upepo na kufuga unyevu. Fundi akija mara ya kwanza, mpeni ngazi, taa na muda wa kutosha, na ami yako awe naye humo ndani waone pamoja.